Linachemsha Lini?

Mshale wa joto kwenye gari langu hukaa chini kidogo ya nusu. Kwa miaka mingi sikuwa na sababu ya kuuangalia. Siku ulipohama nilikuwa napanda mlima mrefu kwenye barabara kuu, gia ya nne, mguu umekanyaga mafuta karibu hadi sakafuni. Ulipanda polepole kama mtu anayenyata, ukafika robo tatu, kisha nilipovuka kilele na kuanza kuteremka ukarudi mahali pake. Nikajiambia ni mlima tu. Wiki mbili baadaye ulipanda tena, safari hii kwenye tambarare, gari halina mzigo, nimo mimi peke yangu.

Kwa karibu miezi miwili nilikuwa nanunua vipuri. Nilianza na kifuniko cha rejeta, ile sehemu ya mbele inayopoza maji ya injini, kwa sababu ndicho kilicho rahisi kukifikia. Ikafuata themostati, mlango mdogo unaofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakishapata joto. Ikafuata mota ya feni, kwa sababu gari la rafiki yangu lilipona kwa kubadilishwa feni. Kila kipuri kilinipa siku mbili tatu za matumaini, kisha nikiingia barabara kuu mshale unaanza tena safari yake. Vile vya zamani bado ninavyo kwenye boksi. Baadaye nilivipima kimoja kimoja, na vyote vilikuwa vizima.

Aliyenitoa huko ni fundi mmoja mtu mzima, ambaye kwanza hata boneti hakuifungua. Alifuta mikono, akaniuliza: "Linachemsha lini, mwanangu?"

"Likishapata moto, mzee."

"Hilo si jibu. Nakuuliza lini. Umesimama kwenye foleni, au unakimbia? Dakika tano baada ya kuwasha, au baada ya saa nzima? Kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, au hata kikiwa kimezimwa?"

Sikuwahi kuyatenganisha mambo hayo. Kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu, kuchemsha. Nilipotulia na kukumbuka, nikagundua kwamba kwenye foleni mshale haujawahi kusogea hata mara moja, hata jua la mchana likiwa kali. Ulisogea mwendo ukizidi kilomita 90 kwa saa, au mlimani, na ulihitaji dakika kumi au zaidi za mwendo huo. Nilipomweleza hivyo, alisema mota ya feni niliyobadilisha haikuwa na kosa lolote.

Nilitaka kujua amejuaje bila kugusa kitu, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niandike haya.

Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, mwako hufikia joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi. Aluminiamu, ambayo ndiyo silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) za magari mengi ya sasa zimetengenezwa nayo, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Hedi haiyeyuki kwa sababu maji hupita kwenye mifereji iliyomo ndani yake bila kupumzika, yanabeba joto, yanalipeleka kwenye rejeta, na upepo unalichukua. Karibu theluthi moja ya nishati yote ya mafuta unayonunua huishia kwenye maji hayo. Theluthi nyingine hutoka na moshi. Kwa hiyo gari linapochemsha, ama joto linaloingia kwenye maji limezidi, ama halipati njia ya kutoka. Mara nyingi sana ni hilo la pili, na kujua njia imeziba wapi kunaanzia kwenye lile swali la lini.

Gari likiwa limesimama, hakuna upepo unaopita kwenye rejeta isipokuwa ule unaovutwa na feni. Likikimbia, upepo wa barabara peke yake unatosha na feni haina kazi tena. Ndiyo maana gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa barabara kuu linaelekeza kidole kwenye feni: fyuzi imekatika, rilei imekufa, waya umelegea, swichi ya joto haifanyi kazi, au mkanda umelegea kwa zile feni za mkanda. Kuna njia nyepesi ya kuanza kupima: washa kiyoyozi injini ikiwa inaunguruma. Kwenye magari mengi ya feni ya umeme, feni inatakiwa kuanza kuzunguka mara moja au baada ya muda mfupi. Isipozunguka, ipelekee umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka hivyo, mota ni nzima na tatizo liko kwenye waya, rilei au swichi. Nimewahi pia kuona feni iliyofungwa upya na nyaya zake zimebadilishana, ikawa inasukuma upepo kwenda mbele badala ya kuuvuta kuelekea kwenye injini. Inazunguka vizuri, kelele ni ile ile, na gari linachemsha. Karatasi nyepesi mbele ya rejeta inakuonyesha upepo unakwenda upande gani.

Langu lilikuwa kinyume chake. Linatulia likisimama, linachemsha likikimbia. Injini inapofanya kazi nzito inazalisha joto jingi zaidi, na maji yanatakiwa kupita kwa wingi na kupoa kwa haraka. Mtu mwenye mapafu yaliyoziba nusu anaweza kukaa kwenye kiti na kuzungumza nawe bila shida. Mpeleke ngazini ndipo utakapojua. Rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji ambayo mapanga yake yameliwa na kutu, hosi ya chini inayonywea inapovutwa na pampu: zote hizi zinavumilia foleni na kushindwa barabara kuu. Hata breki zinazoshika bila kukanyagwa, au ekzosi iliyoziba, zinaweza kuongeza mzigo ukaonekana kama tatizo la maji.

Kama gari linachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa likiwa baridi, hapo mawazo yanakwenda kwingine: themostati imeganda ikiwa imefungwa, kuna hewa imenasa kwenye mfumo, au gasketi ya hedi, kizibio kilicho kati ya hedi na mwili wa injini, imepasuka. Likichemsha pale tu kiyoyozi kinapowashwa, angalia nafasi kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Vitu hivi viwili vimekaa mgongo kwa mgongo, na majani, wadudu, manyoya na vumbi hujikusanya katikati mahali ambapo huoni kutoka mbele wala nyuma.

Jambo moja kuhusu mshale lazima niliseme kwa nguvu, kwa sababu limeua injini nyingi. Sensa ya joto hupima maji yanayoigusa. Maji yakiisha, sensa inabaki hewani, na mshale unaweza kushuka hadi baridi kabisa wakati chuma kinaungua. Ukiona mshale umepanda juu kisha ghafla umeanguka, na hita ndani ya gari imeanza kutoa upepo wa baridi, usishukuru. Simama, zima injini. Magari mengi ya kisasa yana shida ya ziada: mshale umetengenezwa ukae katikati palepale hata joto likicheza kwa nyuzi nyingi, ili dereva asiwe na wasiwasi. Ukianza kusogea, joto limeshapanda muda mrefu.

Turudi kwenye boneti, ambayo sasa fundi aliifungua. Alianza na macho na mikono. Injini ilikuwa baridi, akafungua kifuniko cha rejeta na kutazama maji: usawa ulikuwa sawa, lakini rangi ilikuwa ya matope mepesi. Alichovya kidole, akakisugua kwenye kidole gumba, akanionyesha vichembe vidogo vinavyokwaruza. Hakusema kitu. Akarudisha kifuniko, akawasha injini, akaacha ipate joto huku ameshika hosi ya juu. Kwa muda ilikuwa baridi, kisha ikawa ya moto ghafla. Themostati imefunguka, akasema, na kwa kawaida hufunguka kati ya nyuzi 82 na 90. Akaniambia nikanyage mafuta hadi mizunguko 3,000 kwa dakika wakati yeye anatazama hosi ya chini. Hosi hiyo hupeleka maji kutoka kwenye rejeta kwenda kwenye pampu, kwa hiyo inavutwa. Ikiwa imechoka, kuta zake hugusana na njia hufungwa, na ukiachia mafuta inarudi mviringo kama kawaida, usione kosa lolote. Yangu haikunywea.

Kisha akaniambia nizime injini. Akachukua kipimajoto kile cha kuelekezea kama bastola, akapitisha juu ya uso wa rejeta taratibu, mstari kwa mstari. Rejeta ya gari langu ina mirija iliyolala, maji yanaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili. Sehemu ya juu na ya katikati joto lilishuka kidogo kidogo kutoka upande wa kuingilia kwenda upande wa kutokea, kama inavyotakiwa. Theluthi ya chini ilikuwa baridi tangu mwanzo hadi mwisho. Akanishika mkono, akaupitisha mgongo wa kiganja changu karibu na mapezi, yale mabati membamba ya rejeta. Mpaka ulikuwa wazi kabisa, juu moto, chini hakuna kitu. Mirija ya chini ilikuwa imeziba. (Ukijaribu hili, kumbuka feni ya umeme inaweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa. Chomoa waya wake kwanza.)

"Uliweka unga wa kuziba?" akauliza.

Niliweka. Mwaka mmoja kabla, maji yalikuwa yanapungua kidogo kila wiki, nikamimina ule unga unaouzwa kwa ajili ya kuziba matundu ya rejeta. Maji yaliacha kupungua, nikafurahi, nikasahau. Unga huo hauna macho. Unaziba palipo na tundu na unaziba palipo pembamba, na mirija ya rejeta ni myembamba sana. Ukichanganya na chokaa ya maji ya bomba niliyokuwa najazia kila mara, uchafu wote ulitulia chini na kujenga ukuta.

Kilichoniumiza zaidi ni kile alichonionyesha baadaye. Alifunga pampu ndogo ya mkono kwenye mdomo wa rejeta, akasukuma hewa hadi karibu baa 1, ambayo ndiyo shinikizo la kawaida la mfumo, tukasubiri. Chini ya klampu ya hosi ya juu likatokea tone. Palikuwa na utando mkavu wa rangi ya kulanti (dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji) pale, alama ya zamani, ambayo ningeiona kama ningetafuta. Bisibisi, mzunguko mmoja na nusu, tone likakauka. Huo ndio uvujaji nilioutibu kwa unga.

Tulijaribu kwanza kusafisha rejeta kwa kuipitishia maji kinyumenyume, kutoka mahali pa kutokea kwenda mahali pa kuingilia. Yalitoka matope, lakini kipimajoto kiliporudi, theluthi ya chini ilikuwa bado baridi kwa sehemu kubwa. Nikanunua rejeta mpya. Sikuisikitikia hata kidogo, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nanunua kitu nikijua kwa nini.

Wakati rejeta imetolewa, nilimuuliza kuhusu themostati. Mafundi wawili kabla yake walikuwa wameniambia niitoe kabisa, "maji yapite huru". Alikunja uso. Themostati inalinda injini isikae baridi, na injini inayokaa baridi inakula mafuta zaidi na kuchakaa haraka, kwa sababu imetengenezwa ifanye kazi ikiwa na joto lake. Tena kwenye baadhi ya injini themostati ina sahani ya pili upande wa chini, ambayo hufunga njia ya mkato pale maji yanapotakiwa kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, sehemu kubwa ya maji inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo. Kama una wasiwasi na themostati yako, itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uiwekee moto, uone inafunguka kwenye nyuzi ngapi. Namba imechorwa kwenye mwili wake. Nilifanya hivyo kwa ile yangu ya zamani: imeandikwa 82, ilianza kufunguka kwenye 83.

Hata kifuniko, ambacho watu hukidharau, kina kazi kubwa. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari. Kifuniko kinachoshikilia shinikizo la baa 1 kinapandisha kiwango hicho hadi kama nyuzi 120, na kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inapanda zaidi ya hapo. Springi ikilegea, maji yanachemka mapema na kukimbilia kwenye chupa ya akiba. Kifuniko hicho hicho ndicho kinachomuunguza mtu. Ukikifungua injini ikiwa ya moto, shinikizo linaondoka kwa mara moja, na maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzi 110 yanageuka mvuke usoni pako. Nusu saa ya kusubiri ni muda mfupi. Shika hosi ya juu: kama bado ni ngumu na ya moto, endelea kusubiri.

Kabla hatujafunga, alifanya kipimo ambacho nilikuwa nakiogopa. Kwa miezi miwili nilikuwa nimeendesha gari likiwa na joto, na joto ndilo linalopinda hedi. Hedi ya aluminiamu inatanuka kuliko bloku ya chuma, yaani mwili wa injini, iliyoikalia, ikizuiwa na bolti inapinda, na gasketi katikati inapoteza ushikaji. Mafundi wengi hukubali mpindo usiozidi karibu milimita 0.05, ambao ni mwembamba kuliko unywele wa watu wengi. Gasketi ikifa, moshi wa mwako unaingia kwenye maji: viputo visivyokwisha kwenye mdomo wa rejeta, hosi inayokuwa ngumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, oili iliyogeuka kama maziwa. Zinaweza kuonekana zote, au moja tu. Kipimo chenyewe ni kichupa chenye dawa ya rangi ya buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta kuvuta hewa iliyo juu ya maji. Kukiwa na gesi ya mwako, buluu inageuka njano. Nilikitazama kichupa kile kwa dakika nyingi kuliko zilizohitajika. Kilibaki buluu.

Kama ingegeuka njano, kazi ingekuwa nyingine kabisa: kushusha hedi, kuipima kwa rula iliyonyooka na geji za unene, kuichonga ikibidi, gasketi mpya, bolti mpya kwa injini ambazo bolti zake hutumika mara moja, na kuzikaza kwa mpangilio kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa kipimo cha kitabu. Naandika hivi kwa ajili ya yeyote anayesoma akiwa amesimama kando ya barabara, mshale juu, na nyumbani ni kilomita kumi. Usizimalize hizo kilomita kumi. Ukiwa bado unatafuta pa kuegesha, zima kiyoyozi na ufungue hita hadi mwisho, feni yake ikiwa kubwa: hita ni rejeta ndogo, na itakuchukulia joto kidogo wakati unasogea pembeni. Kisha zima injini. Usimwagie maji baridi, wala juu yake wala ndani yake, chuma cha moto kinapasuka.

Kujaza maji mapya kulituchukua muda mrefu kuliko kufunga rejeta, na ndivyo inavyotakiwa. Mchanganyiko wa kulanti na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu, ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Rangi si kipimo; kijani ya kampuni moja si kijani ya nyingine. Tuliinua pua ya gari ili mdomo wa rejeta uwe ndio sehemu ya juu kabisa, hita wazi, tukawasha na kujaza taratibu huku mapovu yanatoka, tukiminya hosi kwa mkono kuzisaidia. Hewa ikinasa ndani inakaa mahali ambapo maji yangekaa, na sehemu hiyo ya hedi inaungua peke yake. Kulanti iliyomwagika tuliifuta yote. Ina ladha tamu na ni sumu kali, watoto na mbwa huipenda.

Siku iliyofuata nilirudi kwenye mlima ule ule, gia ile ile, mguu pale pale. Mshale haukusogea. Sikuuamini, kwa sababu nilishajua unavyoweza kudanganya, nikaegesha kileleni, nikazima, nikafungua boneti na kuchomoa waya wa feni. Nikapitisha mgongo wa kiganja karibu na mapezi ya rejeta, kuanzia juu hadi chini. Pale palipokuwa baridi palikuwa moto.